Ombi la Kurudishiwa Mke Wangu Kama Alivyokuwa Kabla ya Kozi

Kwa Mkuu wa Kituo cha Kusaidia Walimu wa Chekechea na Familia zenye Watoto Wadogo

Ndugu Mkuu,

KUHUSU: KUMFUTA MKE WANGU KATIKA UKUFUNZI

Natumai u mzima na kituo chako kinaendelea vizuri, ingawa hilo la pili ndilo linaloninyima raha. Mimi ni msimamizi wa ghala la vifaa vya ujenzi, mtu wa watu, sina ugomvi na elimu. Mke wangu anafundisha chekechea, na kila Jumamosi huja kwenu kujifunza malezi na kuazima vitu vya kuchezea. Sasa nasikia mmemchagua awe mkufunzi, awafundishe na wenzake. Kabla hamjamkabidhi kazi hiyo, naomba usome malalamiko yangu ukiwa umekaa.

1. Mafunzo yenu hayaishii darasani. Mnafundisha kwamba mtoto asiamriwe, bali apewe mambo mawili achague. Vizuri sana. Lakini unajua ni nani anayepewa mawili achague hapa nyumbani? Ni mimi. Siku hizi siambiwi nikaoge. Naulizwa, "Baba Chiriku, utaoga kabla ya kula au ukishakula?" Nami nachagua, najiona mwanamume mwenye msimamo, na nikishajipaka sabuni ndipo nakumbuka kwamba sikuwa na mpango wa kuoga kabisa. (Chiriku ni binti yetu wa chekechea. Tulimpa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake.)

2. Sifa. Zamani nikifunga mlango taratibu hakuna aliyejali. Sasa naambiwa, "Nimeona ulivyojitahidi kufunga mlango polepole." Mtu mzima na ndevu zangu, nasifiwa kwa kufunga mlango! Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nilifurahi siku nzima. Jioni nikaufunga tena, polepole zaidi, nikakohoa ili watu wajue. Hakuna aliyesema kitu, nikanuna.

3. Mwongozo wenu unasema mzazi asihangaike kununua vitu vya kuchezea, atumie vya nyumbani. Matokeo yake, mfuniko wa sufuria kubwa umekuwa usukani, soksi zangu za kazini ni samaki, na kopo langu la misumari ni ngoma. Misumari yenyewe imehamia kwenye kikombe changu cha chai, juu ya kabati. Nilipolalamika nilielekezwa kwenye kona ya utulivu, ambayo, kama unavyojua kwa kuwa ni ninyi mlioileta, ni mkeka, mto na kitabu cha picha za wanyama. Nilikaa kwa shingo upande. Hasira zikaniisha nilipofika kwa twiga, nami nilikuwa bado nazihitaji.

4. Ugonjwa umefika kazini. Wapakiaji wangu nimewaongoza kwa kufoka tangu nilipopewa cheo, na sauti yangu husikika hadi kwa mlinzi wa geti. Majuzi lori lilikuja na saruji na mabati. Nikafungua kinywa nifoke, kikatoka hiki: "Jamani, tuanze na saruji au mabati?" Wakatazamana. Wakachagua saruji, wakamaliza mapema. Nikamwambia mmoja wao kwamba nimeona alivyojitahidi kupanga mifuko. Maskini akavua glavu, akaniuliza kama ndiyo amefukuzwa. Siku hizi wametandika maboksi nyuma ya rafu, wanasema ni kona yao ya utulivu, na mkurugenzi ameonekana humo akiwa amevua viatu.

Hebu tazama mbali kidogo, Ndugu Mkuu. Mke wangu akiwafundisha walimu, walimu wakawafundisha akina mama, akina mama wakarudi kwa waume zao, nani atabaki wa kufoka? Nani atapiga meza mkutanoni? Wakubwa wataongea kwa zamu. Madereva watapishana barabarani huku wakipongezana. Nchi gani imewahi kuendeshwa hivyo?

5. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu ni zito. Nimepoteza heshima kwa mwanangu. Zamani nikirudi, mlio wa funguo ulitosha. Chiriku alinyamaza, akaingia chumbani, nyumba ikatulia tuli. Sasa mnafundisha kwamba baba akifika akae sakafuni, macho yake yalingane na ya mtoto, amsikilize. Nimekaa. Magoti ya suruali yamekwisha. Nimeelezwa habari za konokono wa darasani tangu alipotoka kwenye kopo hadi aliporudi, na nikitaka kuinuka naambiwa hadithi bado. Juzi mtoto huyo aliniambia, mbele ya mama yake, kwamba nikifoka tumbo lake linauma. Zamani asingethubutu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mmwondoe mke wangu kwenye ukufunzi, mchukue mkeka wenu, na mnirudishie yule Mama Chiriku aliyekuwa akiniamuru waziwazi, tukabishana kama watu wazima.

Nisalimie wakufunzi wote, mtunza stoo ya vitu vya kuchezea, na yule mama wa mapokezi ambaye kila nikija kumchukua mke wangu huniuliza najisikiaje, halafu anasubiri jibu.

Wako mwenye kinyongo cha adabu,

Baba Chiriku,
Msimamizi wa Ghala

Tanbihi: Nilikuwa nafunga bahasha jirani yetu, dereva wa lori, alipobisha hodi. Alimkuta Chiriku amening'inia shingoni mwangu, ananisimulia jambo lisilo na mwisho. Alisimama pale pale mlangoni akatutazama, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini tumemfanya nini mtoto huyu, maana wa kwake akimwona anarudi safari hukimbilia chini ya kitanda. Nilitaka kumjibu kwa utani, nikajikuta namweleza habari za kituo chenu. Nimemwahidi kumwombea nafasi. Basi hayo niliyoandika hapo juu yasome tu, usiyatekeleze. Mama Chiriku awe mkufunzi, na huyu dereva awe katika darasa lake la kwanza. Anaona haya kuja peke yake. Na mimi pia, kwa hiyo Jumamosi tutakuja wawili.