Mbuzi wa Zawadi na Risasi Zangu Ndefu

Leo nimejichoma, yaani nimejiaibisha mwenyewe. Tena mchana peupe, na firimbi ikapulizwa ili hata waliokuwa wakinywa chai kule kwenye hema wasipitwe.

Kwa wageni wa grupu hili: mimi ni Mbugua, mpasua mbao wa Elburgon. Marehemu baba aliniachia bunduki ya kuwinda, ya enzi zile watu walipokuwa wakiruhusiwa kuwinda. Siku hizi ni marufuku, kwa hivyo mimi na bunduki tunawinda karatasi. (Karatasi haikimbii, na bado naikosa.) Leseni iko, msianze.

Risasi huwa najaza mwenyewe. Ganda, baruti ndani, kisha kichwa cha risasi unakikandamiza juu kwa mashine ndogo ya mezani. Aliyenifundisha ni Bwana Singh, mzee mwenye duka la vipuri mjini Nakuru, mtu mpole asiyerudia neno. Katika kujaribu jaribu nikagundua kitu: ukikiacha kichwa kimechomoza kidogo, kikaribie ile mifereji iliyo ndani ya mtutu, risasi inapiga vizuri zaidi. Tatizo ni magazini, kile kisanduku cha chini kinachoshika risasi. Ni kifupi. Risasi ndefu haiingii. Basi nikawa naziingiza moja moja kwa mkono, na maisha yakaendelea.

Halafu yakatangazwa mashindano ya leo, kwenye shamba moja kule karibu na Kariandusi. Sheria: risasi nne, zote zitoke kwenye magazini. Zawadi: mbuzi dume, mnono, wa rangi ya kahawia.

Mimi nikawaalika mashemeji. Ndiyo, kabla ya mashindano. Nikanunua makaa. Nikagawa mbavu kwa mdomo, huyu hizi, yule zile.

Nilimuuliza Bwana Singh kuhusu magazini. Akajibu kwa simu, polepole: "Magazini ikisema hapana, fupisha risasi. Usibishane na magazini."

Nikabishana na magazini.

Jana niliifungua nikaipeleka karakana. Nikachukua tupa, ile ile ya kunolea msumeno, nikakwangua ukuta wa mbele wa magazini kidogo kidogo mpaka risasi ikaingia. Furaha niliyokuwa nayo! Na kwa kuwa sasa nafasi imepatikana, nikaona nikivute kichwa nje zaidi kidogo. (Tamaa. Iandikwe hivyo.) Baruti sikupunguza hata chembe.

Asubuhi mke wangu, Mama Brayo, alinisindikiza mpaka langoni. "Mimi sitaki mbuzi," akasema. "Wewe rudi na hayo macho yako mawili, basi." Nikacheka. Nikamwambia aandae kachumbari.

Tukafika, tukajipanga. Msimamizi wa mstari alikuwa Madam Chepkorir, mwalimu mstaafu, na ualimu bado haujamtoka. Tulilala kifudifudi. Mavumbi meupe ya huko yakatupaka mpaka nyusi. Nikapanga risasi zangu nne kwenye magazini, zikaingia zote. Jirani yangu akazitazama. Nami nikamwacha azitazame.

"Load!" akaamuru Madam.

Nikasukuma bolti ili risasi ya kwanza iingie kwenye mtutu. Ikagoma nusu njia. Nikaongeza nguvu. Ikagoma. Nikaifunga kama unavyofunga sanduku la mtoto anayerudi bweni, kwa goti na maombi, mpaka ikalia *kak*. Nikalenga. Kidole kikaelekea kwenye kifyatulio. Nilikuwa nasubiri neno moja tu.

Badala ya neno, firimbi.

"Simama! Simama! Hakuna kupiga! Mbuzi!"

Yule mbuzi wa zawadi alikuwa ametafuna kamba yake. Sasa alikuwa mbele ya shabaha zetu, anatembea taratibu kama mwenye shamba, akanusa karatasi yangu, akaanza kuila kona. Watu wakacheka. Mimi nilikasirika! Nyama yangu inanichelewesha!

"Toeni risasi zote, bolti wazi!" Madam akaamuru.

Nikavuta bolti. Ikakataa. Nikavuta kwa mikono miwili. Ikafunguka ghafla, likatoka ganda. Ganda tupu. Kichwa cha risasi hakikutoka, kilibaki kimekwama ndani ya mtutu. Na baruti yote ikamwagika, ikajaza magazini, ikanijaa mikononi.

Nilitaka kuipangusa kimyakimya. Kivuli kikasimama juu yangu.

"Baba Brayo, hiyo ni nini inamwagika?"

"Ni vumbi tu, Madam."

"Vumbi ya hapa ni nyeupe. Hiyo yako ni nyeusi. Toa mkono kwa bunduki!"

Firimbi tena. Mstari mzima ukaamka kuja kutazama. Waliokuwa kwenye hema wakaja na vikombe vyao. Bwana Singh, aliyekuwa akishindana nasi, akapiga magoti pale mavumbini, akamulika ndani kwa tochi ya simu. Akapitisha kidole kwenye ukuta wa magazini.

"Hii nani amekata?"

"Ni mimi, Mzee."

"Na nini?"

"Tupa, Mzee. Ya msumeno."

Kicheko kilichotoka hapo nadhani kimesikika Nakuru. Yeye hakucheka. Akanishika bega, akasema kwa sauti ya chini, "Kichwa kilikuwa kimebanwa kabisa, na baruti imejaa. Ungepiga hiyo, pressure ingepanda. Bunduki ingekupasukia kwa uso. Unaelewa? Kwa uso."

Nikakaa chini hapo hapo. Akilini nilimwona Mama Brayo pale langoni asubuhi na kanga yake, na nikamshukuru Mungu waziwazi mbele ya watu, huku machozi yananitoka, maana jamani, nilikuwa nasubiri neno moja tu! Nikamshukuru Madam, nikamshukuru Bwana Singh. Kisha nikamtafuta mbuzi. Alikuwa bado anatafuna shabaha yangu.

Bwana Singh ndiye aliyeshinda, kwa risasi fupi za kawaida zinazoingia bila ugomvi. Yeye hali nyama. Akanikabidhi kamba: "Peleka kwa mashemeji."

Basi nimefika nyumbani. Mama Brayo hakumtazama mbuzi kwanza. Alinishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku, akayakagua macho, moja, la pili. Ndipo akauliza kwa nini nimepakwa unga.

Mashemeji wamekuja. Makaa yamewaka. Kachumbari iko tayari. Kisu nilikishika, nikamwendea yule dume, tukatazamana, nikarudi na kisu changu jikoni.

Kwa hivyo ninavyoandika haya, mashemeji wanakula githeri kwa kachumbari na hawanisemeshi, na mbuzi yuko nyuma ya nyumba anamaliza sukuma wiki. Mwacheni ale. Na anayetaka kucheka acheke, namwona vizuri, kwa macho yote mawili.