Mishipa Isiyo na Kibali

Kwa furaha kubwa, Kurugenzi ya Vibali ilitangaza kwamba fujo zimekwisha. Kuanzia Jumatatu, hakuna mshipa wa damu utakaojengwa ndani ya mnyama yeyote aliye hai bila kibali chenye muhuri. Mnyama atakayekaidi atamwagwa kwenye sinki. Watu walipiga makofi, maana mlangoni palisimama mtu wa kuandika majina ya wasiopiga.

Tangazo lilimkuta mtafiti Mama Darubini maabarani na samaki wake arobaini, wachanga, wadogo kama ufuta, miili yao unaiona mpaka ndani. Kwa miaka mitatu alikuwa akitazama seli zao, moja moja, zikijenga mishipa. Aliwapenda samaki hao, na hakuona haya kusema hivyo. Ijumaa ya wiki sheria ilipoanza, saa kumi jioni, Mkurugenzi wa Vibali, ambaye nyuma ya mgongo wake aliitwa Bwana Muhuri, aliingia maabarani na karani wake. Kidole gumba chake kilikuwa na bandeji.

"Mkubwa wao nani?" akauliza, jicho kwenye darubini.

"Seli hazina mkubwa, mheshimiwa. Ile ya mbele inapapasa njia, nyingine zinafuata. Mara seli ya nyuma inaipita, inashika usukani."

"Inaipita? Bila barua ya uteuzi?"

"Bila hata hodi."

Mkurugenzi alikunja uso. Alikuwa amekalia kiti chake miaka kumi na moja, na hakuna aliyewahi kumpita hata kwenye ngazi.

"Huu ni uasi. Kila seli ijaze fomu. Majibu ni baada ya siku ishirini na moja."

"Mshipa huu unakamilika kesho, mheshimiwa."

"Usubiri."

"Ukisubiri, samaki anakufa."

"Atakufa kwa kufuata utaratibu. Karani, mwaga."

Karani akabeba bakuli la samaki. Ndipo macho ya Mama Darubini yakatua kwenye bandeji.

"Pole na kidole, mheshimiwa. Kimepatwa na nini?"

"Droo ya mihuri ilikibana wiki iliyopita." Sauti yake ililainika, kwani alipenda kuulizwa habari zake. "Lakini kinapona vizuri mno. Hebu ona."

Akafungua bandeji. Nyama mpya, nyekundu.

"Wekundu huo ni mishipa mipya," alisema Mama Darubini. "Imejengwa wiki hii. Kibali kiko wapi?"

Karani, ambaye hakuwahi kuruka kifungu tangu aajiriwe, aliweka bakuli chini akafungua faili. "Mnyama yeyote aliye hai," akasoma. Akamtazama bosi wake toka kichwani hadi viatuni, kisha akalitazama sinki. "Sinki ni dogo, mheshimiwa."

"Mimi si mnyama!"

"Fomu haiulizi hayo. Inauliza kama una damu na kama unapumua." Akangoja kidogo ahakikishe anapumua, akaweka alama mbili za vema.

Ikabidi mheshimiwa aagize kwamba hakuna mnyama atakayemwagwa mpaka ombi la kidole lijibiwe. Mama Darubini alirudisha bakuli mahali pake, akacheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu iliyofuata Bwana Muhuri alipanga foleni kwenye ofisi yake mwenyewe, nyuma ya mtu aliyekuja na ng'ombe. Penye "Jina la seli inayoongoza ujenzi" aliandika jina lake na vyeo vyake vyote. Karani akasoma, akachukua rula, akalikata jina hilo kwa mstari, polepole.

"Hapa, mheshimiwa, tunaandika anayefanya kazi."