Siafu Hawakujali Sarufi Yangu
Leo nimeadhirika, tena mchana kweupe, uwanjani mwa shule, nikiwa nimevaa tai.

Niliomba dakika kumi katika kikao cha wazazi hapa Ifakara. Hoja yangu ilikuwa moja: tuazimie kuwalea watoto kwa Kiswahili pekee, vilugha vya makabila waachiwe wazee. Kura ingepigwa papo hapo, na nikishinda, shule ingeweka kanuni. (Nilikwisha kuiandika. Ina vifungu kumi na viwili, na tanbihi.)

Ili nionekane vyema, nikachagua kusimama kwenye nyasi, kando ya mlingoti wa bendera. Ardhi ilikuwa bado mbichi kwa mvua ya jana.

"Ndugu wazazi," nikaanza, "kichwa cha mtoto ni debe. Ukichanganya humo mpunga, mtama na ulezi, huwezi kupika chochote kikaiva!"

"Mwalimu, na debe la kwako lina nini?" akauliza mama mmoja muuza vitumbua.

"Kiswahili sanifu! Na huyu binti yangu Upendo, mwenye miaka saba, hajui neno hata moja nje ya hicho."

Upendo alikuwa ameketi safu ya mbele, ubavuni mwa Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma ambaye ni jirani yetu. Akainamia viatu vyake. (Nikadhani ni unyenyekevu.)

Sasa, siafu wana nidhamu ambayo wanafunzi wangu hawajawahi kuwa nayo. Hupanda kimya, hujipanga, kisha huuma kwa pamoja. Walinikuta katikati ya neno "utohoaji".

Nikapiga ukelele. Nao haukuwa wa Kiswahili, ndugu zangu. Ulikuwa Kindamba kitupu, kile cha utotoni, sentensi tatu kamili. Sikujua kama bado ninazo!

Wazazi, wengi wao wahamiaji wasiojua Kindamba, wakaduwaa. Wapo waliodhani nimepagawa. Mzee Masanja akamwinamia Upendo, akamuuliza jambo kwa Kisukuma. Mwanangu akamjibu kwa Kisukuma hichohicho, bila kukwama, kama aliyezaliwa zizini kwake. Kisha akawageukia wazazi wengine kwa Kiswahili sanifu kabisa:

"Baba anasema siafu wameingia kwenye suruali, wamefika pabaya, na anamwita mama yake aje amvue."

"Kindamba umekitoa wapi wewe?" nikauliza huku nikirukaruka.

"Kwa bibi, jikoni. Alisema nisikwambie, una presha."

Mzee Masanja hakungoja maelezo zaidi. "Samahani sana, mwalimu," akasema, akaishusha suruali yangu hadi vifundoni kwa mikono iliyozoea kuangusha madume ya ng'ombe. Akaanza kuwapangusa siafu mmoja mmoja. Tai ilibaki mahali pake.

Kura ikapigwa. Hoja yangu ilipata kura moja, niliyoipiga mwenyewe nikiwa nimejifunga khanga ya muuza vitumbua. Ndipo mama huyo akapendekeza Upendo awe mkalimani wa vikao vyote vijavyo. Mikono ikainuka uwanja mzima. (Wangu pia. Siafu mmoja alikuwa amefika kwapani.)

Nawaomba msinicheke. Mkishindwa, basi chekeni kwa lugha nisiyoijua mimi, wala asiijue Upendo, maana huyu mtoto hataacha kunitafsiria.