Ndege Kumi na Wawili wa Mama Bupe

Jumapili, 24 Januari 1999

Baridi ya Maryland, ya kung'ata masikio. Kanisani, kisha chai kwa Jerotich, Lanham. Jerotich ni Mkenya, anatunza wazee majumbani, moyo mzuri, mdomo mpana. Nje ya dirisha la jikoni kwake ndege wamejaa kama wamealikwa harusi. Anawataja kwa majina kama mashemeji zake! Hata yule mwekundu mwenye kishungi yupo. Lanham, penye magari na makelele! Sisi tunaokaa mashambani kabisa, msitu mlangoni, hatujapata hata mmoja. Bupe wangu, miaka mitano, akaniuliza mbele ya watu kama ndege hawatupendi. Nikacheka. Ndani nilikuwa nakufa.

Jambo lenyewe ni hili. Ijumaa kila mtoto wa chekechea atasimama mbele ya darasa ataje ndege na wanyama waliokuja kwao baridi hii. Bupe hajafungua mdomo shuleni tangu Septemba. Hata "ndiyo" hajasema. Nyumbani anaongea mpaka usingizini! Mwalimu anafikiri labda mtoto ana tatizo. Hana tatizo. Hana la kusimulia tu. Nikimpatia ndege, atasema. Najua.

Jerotich akanishauri nimwage mbegu za alizeti, nikae kimya, nisubiri. Ati kimya! Mimi niliyekulia mashamba ya mpunga Mbarali, nikiamia ndege tangu alfajiri mpaka jua linazama! Leo nifundishwe ndege na mtu wa Kericho?

Jumatatu, 25 Januari

Mpango umeiva. Makopo tisa ya nyanya, nimeyasugua yakang'aa kama vioo. Nimeyatia mchele, nimeyatundika kwenye kamba kutoka banda mpaka mti. Upepo ukavuma. Makopo yakaimba vizuri sana. Tukakaa dirishani, mimi na Bupe, saa tatu nzima. Hakuja hata nzi.

Mume wangu Zefania akarudi kutoka kazini, ghalani Landover. Akasimama uani akiangalia makopo. Akauliza, "Mke wangu, unafukuza nini?" Kisha akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Mungu wangu. Ndivyo tulivyokuwa tunafunga shambani. Ili wasije!

Nimeyashusha. Sijala.

Jumanne, 26 Januari

Leo mchele chini, kwenye majani. Wakaja! Kundi zima, weusi weusi, labda thelathini. Bupe akashika mkono wangu, hapumui. Nikawaona wanavyodonoa ule mchele. Wanavyodonoa! Bila hofu!

Sijui kilichotokea. Nilijikuta uani, miguu mitupu kwenye baridi ile, nimeshika sufuria na mwiko, napiga kelele hooo, hooo, tokaaa! Kiatu cha Zefania nimekirusha, kipo juu ya paa. Ndege wamefika Virginia sasa hivi.

Bupe analia. Anauliza kwa nini nawagombeza wageni wake. Mikono ilifanya yenyewe.

Jumatano, 27 Januari

Nimejifunga mikono kwa kanga. Mdomo nimeujaza maji. Nikakaa dirishani kama mfungwa. Kindi akaja, akala mchele, akala mkate, akaja mpaka dirishani akanitazama nilivyofungwa, akaenda zake. Huyo nilitaka kumpigia kelele kweli, nikameza maji vibaya. Bupe akanipiga mgongoni.

Mchana Jerotich akapiga simu. Akauliza, "Aki Mama Bupe, ndege wamefika wangapi?" Nikasema kumi na wawili. Lilitoka lenyewe. Akataka majina. Nikamtajia wa kwetu wote, mpaka korongo mwenye taji kichwani. Akauliza kama korongo huyo anaishi Maryland. Nikamwambia anapita tu, anatembelea ndugu.

Kesho anakuja kuwaona hao ndege. Nimekwisha.

Alhamisi, 28 Januari

Alfajiri nimekata sweta jekundu la Zefania. Nimeshona ndege. Nimemjaza pamba, kishungi cha uzi, nimempandisha kwenye tawi la mbali. Kwa kweli ni mzuri. Nilikaribia kumwamini.

Jerotich akaja na darubini! Nani anatembea na darubini? Akaangalia muda mrefu. Kisha akasema taratibu kwamba ndege wangu ana kifungo tumboni.

Angenicheka ningepona. Hakucheka. Aliniachia mfuko wa alizeti, akasema pole. Pole! Nimeusukuma mfuko nyuma ya sabuni, chini ya sinki. Zefania anatafuta sweta lake.

Ijumaa, 29 Januari

Wazazi tulialikwa, tukakaa nyuma. Mtoto wa kwanza ana kigogota. Wa pili ana paa watatu na picha zao. Wakamwita Bupe. Akasimama. Kimya. Mwalimu akatabasamu vile watu wanavyotabasamu hospitalini. Nikafumba macho.

Kisha nikasikia Kiswahili!

Dakika kumi! Bila kuvuta pumzi! Makopo, sufuria, kiatu juu ya paa, kindi, maji puani, sweta la baba na mkasi. Vyote, na mikono ikionyesha. Watoto hawakuelewa neno hata moja, wakacheka mpaka wakalala sakafuni. Nikalia kama mtoto. Mwanangu ana sauti, na shule nzima imeisikia.

Mwalimu naye macho yalimlowa. Akaniomba nimweleze, kwa Kiingereza changu hikihiki, binti amesema nini.

Sasa ningesema nini? Kwamba mama yake anarushia ndege viatu?

Nikasema amewataja ndege kumi na wawili. Na korongo mwenye taji.

Jumamosi, 30 Januari

Sijalala vizuri. Mwalimu amefurahi mno. Jumatano analeta darasa zima kwangu, watoto ishirini na wawili ndani ya basi, waje kumwona korongo. Zefania anasema nipige simu, niseme ukweli, yaishe. Jerotich naye kasema hivyohivyo. Wameungana!

Lakini nimefikiri. Mzee wa shamba la pili ana bata bukini wawili, warefu wa shingo. Nimeshamwomba mmoja kwa siku hiyo moja. Nikimvisha taji la vijiti vya ufagio, nikamsimamisha mbali, kwenye ukungu, ni korongo kabisa. Naona tumaini.

Limebaki jambo dogo tu. Nimemkalisha Bupe, nimembembeleza, nimemwahidi maandazi: Jumatano, mbele ya mwalimu na watoto wote, mwanangu, tafadhali, usiseme neno hata moja.