Upepo Alivyopika Gia

Habari ilifika kijiweni kabla kahawa haijachemka: mama mkwe wa Upepo ameonekana akisukuma pikipiki kupanda mlima wa hospitali, mkwe mwenyewe kakaa juu, kashika usukani.

"Mimi nilidhani mgonjwa ndiye hubebwa," alisema Tindo, fundi wa kukereza vyuma, akimsogezea Upepo nafasi kwenye benchi.

Upepo, dereva wa pikipiki asiyekubali kupitwa hata na ambulensi, aliketi kama anayekalia msumari. "Anaumwa jino, siyo miguu. Na lazima mtu aongoze."

Tukacheka. Akaeleza, macho chini. Alitaka mbio zaidi, akanunua gia ya pikipiki kubwa, ile ya mbele inayovuta mnyororo. Tundu lake lilikuwa dogo, likagoma kuingia kwenye shafti, ule mhimili wa injini. Akapiga tupa kulipanua, tupa ikateleza kama inalamba kioo.

"Chuma kilichokomazwa hakiliwi na tupa," Tindo alisema. "Hapo ndipo watu hunifuata."

"Ungenicheka."

"Kwani sasa tumenuna?"

"Nikaizika kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, nikaiacha humo ipoe. Asubuhi tupa ikala vizuri kabisa."

"Itaachaje kula, umeshailainisha? Ukaikomaza tena, ukaichoma na kuizamisha kwenye mafuta?"

Upepo akakuna shingo. "Si ilikuwa imeshaingia?"

Shangazi, muuza kahawa wetu, akatua birika. "Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nani alikwambia chuma kipikwe kama muhogo?"

"Kwenye tambarare ilikuwa inaruka, Shangazi. Watu waliishia kuniona mgongo."

"Na mlimani?"

"Meno ya gia yakalala. Mnyororo ukachomoka, tukaanza kurudi kinyumenyume. Mama akashuka, akakaza kitambaa kichwani, akasukuma. Mpaka hospitali."

"Huko akasemaje?" niliuliza.

"Alimwambia daktari jino limeshapoa, ila ana mkwe anataka ang'olewe."

Tindo alicheka mpaka akamwaga kahawa. Kisha akauliza taratibu, "Nyuma yenu hapakuwa na gari?"

"Lori. Lilitukwepa."

Upepo akazungusha kikombe mkononi. "Mke wangu karudi kwao. Kasema nimfuate nikishapata akili."

"Twende karakana," Tindo alisema, akiinuka. "Nitakufungia gia ya pikipiki yako, saizi yake, uende ukamwombe radhi mzazi wa watu."

Upepo alisimama, akapiga hatua, akasita.

"Hakuna inayokimbia zaidi kidogo kuliko hiyo?"

Shangazi akamnyang'anya kikombe. Sisi wengine, mmoja mmoja, tukakumbuka tuna kazi za kufanya.