Nimelala Mchana, Nimeamkia Matanga Yangu

Leo nimeliliwa nikiwa hai.

Mnaonijua mnajua nakoroma. (Kuna jirani aliwahi kuuliza tunasaga mahindi ya nani.) Daktari akasema si kukoroma tu. Nikilala, pumzi inakatika, halafu nashtuka kama mtu anayezama. Nilihitaji mashine ndogo inayopuliza hewa puani kupitia maski. Bima wakakataa kulipa. Eti ni kitu cha starehe! Nikabembeleza hadi wakalegea: waniazime moja, watume mtu hapa Nyamasaria aone kama naitumia kweli, ndipo walipe.

Basi leo baada ya chakula, mke wangu ameenda sokoni, nikavaa maski, nikajilaza.

Jamani, ule usingizi! Nilijiona nimelala chali juu ya ziwa. Maji ya uvuguvugu, maua ya zambarau ya magugu yamenizunguka, na hakuna mtu wa kunisukuma ubavuni. Naelea tu. Naelea.

Kumbe Waya Rosa, shangazi yangu, ametoka Maseno kutusalimia. (Hapa nasimulia nilivyoambiwa.) Akabisha, kimya. Akachungulia chumbani, akaniona nimenyooka, mikono kifuani, mpira wa hewa umetoka puani. Na sikoromi! Hilo ndilo lililommaliza.

"Woi! Nyathina! Mtoto wa ndugu yangu ameenda!"

Hakunigusa. (Waya anaogopa maiti.) Akina mama wa kanisa walikuwa na mkutano nyumba ya pili. Walifika hata hajapangusa machozi.

Huko ziwani nikaanza kusikia nyimbo. Sauti tamu, za mbali, zinakuja juu ya maji polepole. Nikajiambia, kumbe samaki wana kwaya? Nikatabasamu. Nikaelea kidogo tena. Halafu samaki mmoja akasema wazi kabisa, "Alikuwa mtu mpole, shida yake ilikuwa kelele tu."

Nikafungua macho.

Nikatokea sebuleni kuuliza kuna nini. Maski usoni, mpira unaning'inia mpaka magotini, mwilini kaptura tu.

Mwimbishaji aliinua macho, akaacha wimbo katikati.

"Shetani ashindwe!"

Walitoka wote kwa mlango mmoja. Waya alinirushia kiatu kwanza, ndipo akakimbia. Alibaki msichana mmoja ambaye simjui, amekumbatia mkoba, machozi yanamtoka.

"Mimi natoka bima," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuja kuona kama unatumia mashine."

Nikavua maski. "Si umeona natumia!"

"Nimeona, baba. Lakini nilikuwa nimeshapigia ofisi, nikawaambia tumekupoteza. Wamefunga faili."

"Wafungue! Si niko hapa mbele yako?"

"Mimi nakuona. Sistimu ndiyo haikuoni." Akanyoosha mkono kwa adabu. "Na wameniambia nirudi na mashine. Pole sana kwa msiba."

Nilirudi chumbani na mashine yangu, nikafunga mlango kwa ufunguo. Mpaka sasa bado nasikia ule wimbo, na kusema kweli, waliniimbia vizuri.

Kesho naenda ofisini kwao kuthibitisha kwamba niko hai. Nitavaa tai. Tukikutana mjini, tafadhali, mtu yeyote asinipe pole. Mtaniharibia kesi.