Pikapu ya Kumpeleka Rosine

Jumatatu, 15 Julai
Fundi Rahim amekuja Mwamkulu kutoka mjini. Kafungua boneti ya pikapu yangu, kasikiliza, kafunga. Pampu ya mafuta imekufa. Nyingine itatoka Mbeya wiki ijayo. Wiki ijayo haina maana kwangu. Rosine, binti wa marehemu kaka yangu, anaolewa Jumamosi, na mimi ndiye baba yake mdogo. Nani mwingine wa kumfikisha kwa mumewe Egide, kule Sitalike?

Mchana nikapata jibu. Shemeji Générose, mama yake Rosine, ameshaongea na jirani yetu Thadei. Thadei ana Noah nyeupe yenye mapazia. Alikubali hata kabla hajaombwa vizuri.

Lakini pampu ni kitu gani? Inavuta mafuta tu.

Jumanne, 16 Julai
Nimechomoa mipira yote ya mafuta. Ule wa kutoka kwenye tanki nimeupitisha kando ya pampu, moja kwa moja mpaka kwenye kabureta. Petroli mikononi, petroli kwenye ndevu. Nikawasha. Ikawaka. Nikatoka barabarani kwa heshima zote.

Ikazimika mbele ya mlango wa Thadei. Kumbe ilikuwa inamalizia mafuta yaliyobaki kwenye kabureta. Tanki liko chini, kabureta iko juu, na petroli haipandi yenyewe. Thadei akatoka na kikombe. Akauliza kama nimekuja kumsalimia. Nikasema ndiyo. Nikanywa chai yake. Chai nzuri, kwa bahati mbaya.

Alhamisi, 18 Julai
Kama petroli haipandi, basi iteremke. Nimefunga dumu juu ya kabini. Mpira mrefu unatoka kwenye dumu, unashuka kando ya kioo, unaingia chini ya boneti hadi kwenye kabureta. Nimezunguka Mwamkulu nzima bila kuzimika. Shemeji Générose alilitazama dumu muda mrefu. Akauliza kama ni la maji. Nikamwambia ni la usalama.

Jioni Rosine akaja. "Baba mdogo, nitapanda kwako," alisema. "Baba angekuwepo angenipeleka yeye. Wewe ndiye uliyebaki."

Nikajifanya nakaza kamba.

Jumamosi, 20 Julai
Ndoa imefungwa salama. Tukaondoka. Rosine pembeni yangu na shela lake, wanawake nyuma wanaimba Kirundi, Thadei na Noah yake kwenye moshi wetu. Sijawahi kuendesha vizuri hivyo.

Karibu na Sitalike nikasimama kufuta vumbi, tuingie tukiwa safi. Nyani walikuwa kando ya barabara, kama siku zote. Mmoja akapanda juu ya kabini. Nadhani alidhani dumu ni la pombe. Akang'oa mpira. Petroli yote ikamwagika kwenye kioo, wanawake wakaruka chini. Nyani akaonja, akanitazama kwa masikitiko, akaondoka.

Rosine alicheka mpaka shela likamvuka. Thadei akafungua mlango wa Noah. Nikabaki nimeshika kitambaa changu cha kufutia vumbi. Rosine akapanda, kisha akanivuta mkono wa shati.

"Panda, baba mdogo. Siendi kwa Egide bila wewe."

Kwa hiyo nimefika Sitalike kwa Noah. Nimemkabidhi mwenyewe, mkono kwa mkono. Baba yake Egide akawaambia watu kwamba huyu ndiye baba wa bibi harusi. Nililia. Nikasema ni petroli.

Jumatatu, 22 Julai
Rahim kapiga simu. Pampu imefika. Nimemwambia airudishe Mbeya. Mipira haikuwa na kosa, kosa lilikuwa la nyani. Dumu litakaa ndani ya kabini.

Thadei kaenda Usevya na basi kuangalia mpunga wake. Kaniachia ufunguo, niiweke Noah kivulini. Mtu mwema, kumbe. Nimetafuta namna ya kumshukuru. Juzi niliisikia Noah ikikohoa kidogo mlimani, na yeye hata hakugundua. Nimeshachomoa mipira yake ya mafuta na kuipitisha upya, njia fupi zaidi. Atafurahi sana akirudi.

Miwili imebaki mkononi. Nadhani ni ya akiba.